Bia imekwisha kuchachuka lakini harufu ya viungo haipo: niiongezeje sasa?

Mpikaji Mpya anauliza:

Ndugu wapikaji, salaam. Nina mtungi wa bia nyeusi niliyoipika mwenyewe, yenye ujazo wa lita 20 hivi, na tangu mwanzo nilikusudia iwe na harufu ya mdalasini na iliki. Siku ya kupika nilitia vijiti viwili vya mdalasini na punje kumi na mbili za iliki zilizopondwa, dakika 15 kabla ya kuzima moto, na jikoni kulinukia vizuri mno hata nikaamini kwamba kazi imekwisha. Leo ni siku ya kumi na sita. Kipimo cha haidromita, kile chombo kinachoonyesha sukari iliyobaki katika bia, kimesimama kwenye 1.014 kwa siku tatu mfululizo, hamira imetua chini, na bia yenyewe ni nzuri: kimea kilichokaangwa kinasikika, uchungu wa hopsi uko mahali pake, na hakuna dalili yoyote ya kuharibika. Lakini mdalasini hausikiki kabisa, na iliki naihisi kwa mbali tu, tena pengine ni kwa sababu najua kwamba niliitia.

Sitaki kuitia kwenye chupa ikiwa hivi. Je, inafaa kuongeza viungo wakati huu ambapo uchachushaji umekwisha? Nikivitia vikavu moja kwa moja ndani ya mtungi, sitaingiza vijidudu? Na jambo linalonisumbua kuliko yote ni kiasi: nimetafuta maelezo, nikakuta mmoja anasema kijiti kimoja na mwingine anasema vinne kwa ujazo uleule. Nitajuaje kiasi cha bia yangu mimi?

Mzee wa Kimea anajibu:

Ndugu Mpikaji Mpya, ile harufu iliyojaa jikoni ndiyo harufu unayoikosa leo kwenye glasi. Manukato ya viungo ni mafuta mepesi yanayoruka upesi, na sufuria inayochemka huyatoa pamoja na mvuke. Yanayobaki hukutana na safari ya pili, kwa kuwa hamira inapofanya kazi hutoa gesi ya kabonidioksaidi kwa siku kadhaa, na kila povu linalopanda juu hubeba sehemu ya manukato hayo na kutoka nayo. Kwa hiyo hukukosea katika ununuzi wala katika upondaji, na wakati uliopo sasa ndio ulio bora zaidi kwa kutia viungo, kwa sababu moto umekwisha na gesi imetulia.

Mimi nakushauri uloweke viungo katika vodka ya kawaida yenye kileo cha asilimia 40, kisha uitie vodka hiyo katika bia kwa kipimo. Kileo huvuta mafuta ya viungo vizuri kuliko maji, na vijidudu vinavyoweza kuiharibu bia yako havistahimili kileo kikali kiasi hicho. Chukua chupa mbili ndogo za kioo zenye vifuniko. Katika moja weka vijiti viwili vya mdalasini vilivyovunjwavunjwa, katika nyingine weka punje kumi na mbili za iliki ulizozipasua na kuziponda kidogo kwa mchi, halafu mimina mililita 100 za vodka katika kila chupa. Usivichanganye katika chupa moja, hata kama mwishoni vitaingia pamoja katika bia, maana ukivitenganisha utaweza kuongeza kimoja bila kukilazimisha kingine. Iliki huwa tayari baada ya siku nne au tano. Mdalasini wa vijiti huhitaji wiki moja, wakati mwingine mbili. Tikisa kila siku, na mwisho chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa mpaka upate maji yasiyo na unga hata chembe. Nasisitiza neno vijiti, kwa kuwa mdalasini wa unga hugeuka ute mzito unaoziba kila chujio, na utaishia kumwaga nusu ya ulichokiloweka.

Vodka hiyo iwe kileo kilichotengenezwa kwa ajili ya kunywa. Usitumie spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda au ya kuwashia majiko, hata ikiwa inanuka sawa, kwa sababu huwa na vitu vya sumu, ikiwemo methanoli, ambavyo kuchuja hakuviondoi.

Sasa nakuja kwenye kiasi. Wale waliokuambia kijiti kimoja na waliokuambia vinne huenda wote walisema kweli, kila mmoja kwa viungo vyake. Kijiti kilichokaa kabatini miaka miwili hakilingani na kipya, aina za mdalasini zenyewe hutofautiana kwa ukali, na bia nyeusi hufunika harufu ambazo bia nyepesi ingezidhihirisha. Kwa sababu hiyo, kipimo cha mtu mwingine hakiwezi kuwa chako, na njia ya kukipata ni kukitafuta kwenye glasi kabla ya kugusa mtungi.

Tafuta sirinji ndogo ya mililita 1 isiyo na sindano. Toa bia kidogo mtungini, uipime katika glasi tano, mililita 100 kila moja. Glasi ya kwanza usiitie kitu. Ya pili itie mililita 0.1 ya vodka ya mdalasini, ya tatu 0.2, ya nne 0.4, ya tano 0.6. Onja kuanzia ile tupu ukipanda, na kati ya glasi na glasi kunywa maji. Utafika mahali ambapo mdalasini unasikika bila kukaa mbele ya kimea, na glasi inayofuata itakuwa imezidi. Rudia katikati ya hizo mbili mpaka uridhike, ndipo ufanye hivyohivyo kwa iliki ukiwa na glasi ambazo tayari zina mdalasini uliouchagua. Hesabu yake ni nyepesi: lita 20 ni mililita 100 mara 200, kwa hiyo mililita 0.3 katika glasi ni mililita 60 katika mtungi. Pima kwanza bia iliyobaki kweli, kwa maana tope la hamira chini ya mtungi hula lita moja au zaidi.

Wengine huogopa kwamba vodka itaifanya bia iwe kali. Mililita 60 za kileo cha asilimia 40 katika lita 20 huongeza kama asilimia 0.12 tu, na sijapata kumwona mtu aliyeionja akaitambua.

Kinu na Mchi anajibu:

Ninamheshimu sana Mzee wa Kimea, na sehemu ya glasi na sirinji sina la kuongeza. Lakini ningependa kuitetea njia ya kutia viungo vyenyewe ndani ya bia, kwa kuwa naona imeachwa kwa hofu kubwa kuliko inavyostahili.

Kileo cha asilimia 40 huvuta kila kitu kwa nguvu: mafuta yenye harufu, pamoja na utomvu na ukakasi wa magamba. Bia yenye asilimia 5 huvuta polepole, na kwa baadhi ya viungo upole huo ndio unaotakiwa. Mbegu za giligilani ni mfano mzuri. Nilipoziloweka katika vodka nilipata kitu kikali kinachokaribia sabuni, lakini nilipozipasua kidogo tu na kuzining'iniza ndani ya bia ya ngano kwa siku nne, nilipata harufu ya maua na ganda la chungwa. Bia nyeupe za ngano za Ubelgiji zimezoea kupikwa kwa giligilani na maganda ya machungwa, na ingawa desturi ni kuvitia mwishoni mwa uchemshaji, mbegu chache zilizoongezwa baadaye huirudishia bia ule upya unaopotea wakati wa kuchachuka.

Kuhusu vijidudu, ni vyema tujue tunaogopa nini hasa. Ni kweli kwamba viungo vikavu hubeba vijidudu vingi. Hata hivyo bia iliyomaliza kuchachuka si uji wa kimea wa siku ya kwanza: sukari nyepesi imeliwa, kileo kipo, pH yake, yaani kipimo cha uasidi, iko kati ya 4 na 4.5 hivi, na hopsi nazo huzuia bakteria wengi. Wanaobaki kuwa tishio ni hamira za mwituni na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, na hao huisha au hupungua sana ukiviloweka viungo katika vodka kidogo, ya kuvifunika tu, kwa nusu saa au saa moja. Baada ya hapo mimina vyote, viungo pamoja na vodka yake, katika kifuko cha kitambaa chepesi kilichochemshwa, tia humo gololi mbili za kioo ili kizame, na ukifunge kwa uzi ambao mwisho wake unabaki nje ya mtungi.

Uzi huo ndio siri ya njia hii, kwani unakuwezesha kuonja kila siku na kukitoa kifuko siku ileile unayoridhika. Watu wengi huharibu bia kwa kusahau kifuko ndani kwa wiki tatu, wakati manukato yalikwisha kutoka siku ya tatu au ya nne, na kilichoendelea kutoka ni tanini inayokausha ulimi. Kwa iliki yako ningesema siku tatu. Kwa vijiti vya mdalasini, siku tano mpaka saba. Kila unapoufungua mtungi ufungue kwa muda mfupi na bila kukoroga, kwa sababu oksijeni inayoingia wakati huu haina hamira yenye nguvu ya kuitumia, na bia iliyopata oksijeni huanza kunuka kama karatasi iliyolowa.

Nakubali kwamba kwa mdalasini na iliki ndani ya bia nyeusi, njia ya Mzee wa Kimea inampa muulizaji udhibiti zaidi. Ninachokataa ni kufanywa kwamba ndiyo njia pekee.

Subira anajibu:

Naomba nitie neno kuhusu karafuu, ingawa muulizaji hakuitaja, kwa kuwa wanaoanza na mdalasini na iliki mara nyingi huifikiria karafuu katika mpiko unaofuata, na mimi nililipa kwa kutoijua.

Nilitia karafuu kumi na tano nzima katika lita 20 za bia ya hudhurungi na kuziacha siku kumi. Karafuu hubeba mafuta mengi sana, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, dutu ileile ambayo madaktari wa meno huitumia kutia ganzi. Bia yangu ilitia ganzi kwelikweli. Ilianza kwa harufu ya hospitali, ikafuatia kinywa kizima kuwa kizito, na baada ya hapo chakula chochote kilichokuwa mezani hakikuwa na ladha. Niliisubiri miezi sita kwa kuwa nilisikia kwamba viungo hufifia. Ni kweli kwamba hufifia, na nimeona iliki na maganda ya machungwa yakipungua ndani ya miezi miwili, lakini karafuu hushikilia. Mwishoni niliiokoa kwa kupika bia ya aina ileile isiyo na kiungo chochote na kuzichanganya, sehemu moja ya karafuu kwa sehemu tatu tupu, na hata hapo karafuu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusikika.

Tangu siku hiyo, karafuu kwangu huenda kwa njia ya vodka tu, tatu katika mililita 50 kwa siku mbili, na kipimo hupatikana kwenye glasi. Kungumanga nayo naiweka katika kundi hilohilo la kuheshimiwa: ikunwe kidogo sana, kwa kuwa ikizidi ladha yake huwa ya vumbi na uchungu, na kwa wingi mkubwa ni sumu.

Ipo pia sababu nyingine ya kuwa mwangalifu na karafuu. Baadhi ya hamira za bia ya ngano hutengeneza zenyewe harufu ya karafuu kutokana na asidi ya feruliki iliyomo katika nafaka. Mtu asiyelijua hilo huonja bia yake changa, akaona karafuu ipo kidogo, akadhani ni viungo vyake vinavyoanza kutoka, akaongeza. Kabla ya kutia kiungo, ionje bia ilivyo na ujue hamira yako imekwisha kukupa nini.

Mgeni wa Jikoni anajibu:

Swali dogo kwa Mzee wa Kimea na wengine: kwa asiyetaka kununua vodka, je, hawezi kutengeneza chai ya viungo na kuimimina? Na zile chupa ndogo za mafuta ya viungo yaliyokamuliwa, hazifai?

Mzee wa Kimea anajibu:

Chai inawezekana, hasa kwa tangawizi na mdalasini. Chemsha mililita 200 za maji, yaache yapoe mpaka nyuzi 80 hivi, tia viungo, funika kwa dakika kumi, chuja, na uipoze ikiwa imefunikwa vilevile, kwa kuwa mvuke unaotoka ni harufu inayotoka. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Maji hayavuti mafuta vizuri, hivyo utahitaji viungo vingi zaidi, na viungo vingi katika maji ya moto huleta tanini. Tena chai haiwekeki: ukiitengeneza leo uitumie leo, ilhali vodka yangu ya viungo hukaa kabatini miezi mingi na kipimo chake nakijua. Jaribio la glasi utalifanya kwa chai kama kawaida, ila viwango vitakuwa vikubwa.

Mafuta yaliyokamuliwa mimi siyatii katika bia. Hayachanganyiki, huelea juu, tone moja humwangukia mnywaji mmoja na mwingine hapati kitu, huua povu, na si yote yanayouzwa ambayo yametengenezwa kwa ajili ya kuliwa.

Mpikaji Mpya anarudi:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nilifuata njia ya vodka kwa viungo vyote viwili, na siku tisa baadaye nimefanya majaribio. Bia iliyobaki juu ya tope ni lita 19. Katika glasi ya mililita 100, mdalasini ulinipendeza kwenye 0.3, na iliki kwenye 0.1. Nilipofika 0.2 ya iliki bia ilianza kuwa kama kitindamlo, na kimea kikapotea kabisa. Nilimwomba mwenzangu wa nyumbani azipange upya glasi bila mimi kuona, nikachagua ileile mara mbili, kwa hiyo naamini si mawazo tu.

Kwa hesabu ninahitaji mililita 57 za mdalasini na 19 za iliki. Kabla sijamimina nina wasiwasi mmoja. Bia niliyoionja haikuwa na gesi na ilikuwa na joto la chumbani, lakini nitakayoinywa itakuwa na gesi na itakuwa baridi. Je, kipimo kitabaki kilekile?

Kinu na Mchi anajibu:

Wasiwasi wako ni wa haki. Baridi hupunguza harufu, kwa kuwa manukato huruka kidogo katika kinywaji baridi, na gesi huiongeza, kwa kuwa kila povu linalopasuka juu ya glasi hurusha manukato kuelekea pua. Kwa uzoefu wangu, katika wiki za kwanza gesi hushinda na viungo husikika zaidi ya vilivyokuwa kwenye glasi ya majaribio. Baadaye vinatulia na kushikana na kimea. Ukinuia kuinywa ndani ya mwezi mmoja, tia robo tatu ya hesabu yako, yaani mililita 43 za mdalasini na 14 za iliki. Ukinuia kuiweka miezi mitatu au minne, tia hesabu kamili.

Ipo njia ya kujihakikishia ikiwa una subira ya siku moja. Jaza chupa ndogo ya plastiki ya maji yenye gesi, ambayo umeshaimwaga nusu, kwa bia yako iliyotiwa kipimo kidogo kidogo, ifunge na uiweke kwenye friji. Haitakuwa bia kamili, kwa sababu maji yatakuwa yameizimua, lakini utaonja namna gesi na baridi zinavyoigeuza harufu.

Siku ya kutia chupani, yeyusha sukari ya gesi, yaani ile ambayo hamira itaila chupani na kutoa gesi, katika maji yaliyochemka. Gramu 6 kwa lita zinatosha, yaani gramu 114 kwa lita zako 19. Yaache yapoe, yamimine chini ya ndoo safi iliyotakaswa, yafuatishe na vodka zako mbili, ndipo uishushe bia juu yake kwa mpira, mdomo wa mpira ukiwa umezama ili bia isirukeruke. Ikisha shuka yote, koroga mara chache kwa kijiko kilichochemshwa, taratibu, ukianzia chini, kwa kuwa sukari ni nzito na isipokorogwa chupa za kwanza zitapata gesi nyingi na za mwisho zitakuwa bapa. Iangalie pia vodka yenyewe kwenye mwanga: ikiwa bado ina chembe za unga wa viungo, ichuje tena, maana chembe hizo zikiingia chupani gesi huzishikilia, na chupa hufoka povu mara tu inapofunguliwa.

Mpikaji Mpya anarudi:

Nimeitia chupani jana jioni kwa robo tatu, kama ulivyoshauri, kwa sababu najijua sitaweza kuingoja miezi mitatu. Vodka ya iliki ilikuwa na unga mwembamba chini, nikaichuja mara mbili. Chupa nne za mwanzo nilizijaza bia tupu kabla ya kuchanganya viungo, kila moja na sukari yake kwa kipimo kilekile, ili nipate cha kulinganisha nayo. Nyingine mbili za nusu lita niliziongezea kwa sirinji mpaka zikafikia hesabu kamili, nikazitia alama kwenye vizibo. Wiki tatu zikipita nitazifungua zote tatu kwa pamoja, moja ya kila aina, na nitarudi hapa na majibu.